Bibi Yako Hakunizuia

Nyanga, mchana, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu Kokushubira,

Umetoka sasa hivi kwenda parokiani kuungama na kuaga. Baba yako naye amekwenda bandarini kuuliza meli itaondoka saa ngapi hasa, ingawa aliuliza jana, akauliza na juzi. Nimebaki peke yangu na sanduku lako. Nimelifunga, nimelifungua, nimelifunga tena. Habari za soksi na sabuni, na jinsi ya kukaa na watu melini, sitaziandika hapa. Hayo umeshaambiwa na kila aliyepita mlangoni kwetu, hata na wale ambao safari yao ndefu kuliko zote ni ya kwenda gulioni.

Kwanza nijisifu kidogo, kwa sababu mbele katika barua hii sitapata nafasi. Mimi niliyesoma miaka minne tu kwa masista nakuandikia kurasa zote hizi bila kumwita mwalimu. Nilipoolewa Kishanda, mwanamke aliyeweza kuandika jina lake alikuwa mmoja, na ndiye mimi. Katekista mwenyewe alikuwa anakuja jikoni kwangu na karatasi zake, anajifanya anaomba maji ya kunywa. Leo mtoto niliyemzaa mimi anakwenda Uingereza kusomea uuguzi. Ni wa kwanza katika ukoo wa baba yako, wa kwanza katika ukoo wangu, na watu wakihesabu vizuri nadhani ni wa kwanza kuanzia hapa Nyanga mpaka kwetu Kimwani. Na koti alilokushonea Bi Zuhura! Binti wa karani alipokwenda Kampala alivaa koti lenye mabega kama mtu aliyebeba mikungu miwili. Lako limekukaa kama ulizaliwa nalo.

Juzi Bi Zuhura alinikuta sokoni nawaeleza wauza samaki habari zako. Akanishika mkono.

“Ma Koku,” akasema, “Waingereza wenyewe wameshapata habari kwamba mwanao anakuja? Maana hapa Bukoba wamebaki kuku tu ambao hawajaambiwa.”

Nikamjibu, “Kuku wangu wanajua tangu Pasaka.”

Walicheka hata wale wanaonichukia.

Nimecheka tena nilipoandika hayo. Halafu nimekumbuka nimekaa hapa kufanya nini.

Nataka kusema juu ya daftari lako. Mwaka jana ninyi wanafunzi mlipopelekwa Uganda, wiki sita katika hospitali kubwa ya kule, ulirudi umekonda, na macho yako yalikuwa ya mtu mwenye miaka mingi kuliko wewe. Sista, mwalimu wenu, akamtaka kila mmoja aandike aliyoyaona na aliyoyafikiri. Ukaandika kwa Kiingereza. Kisha kwa ajili yangu ukayaandika tena yote kwa Kiswahili, kwa kuwa unamjua mama yako, anapenda kusoma mbele ya watu.

Nikaita watu. Bi Zuhura alikuja, majirani wakaja, na baba yako mdogo Byabato akatoka Kishanda na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Nikasimama mlangoni penye mwanga nikasoma. Nilisoma habari za wodi ndefu kama kanisa, na vitanda vya watoto vilivyopangwa pande mbili. Nilisoma habari za mama yule aliyetembea siku mbili na mtoto mgongoni, mkamfungua kanga mkamkuta mtoto ameshapoa, na yeye bado anambembeleza. Watu waliguna. Byabato akasema, “Huyu mtoto anaandika mpaka mtu unasikia harufu ya dawa.” Nikasema, “Amechukua kwangu.” Ndivyo nilivyosema, Koku, na nilikuwa bado sijafika ukurasa wa tano.

Ukurasa wa tano uliandika hivi, naujua kwa moyo: “Karibu kila mtoto aliyechelewa kuletwa alikuwa na bibi nyuma yake. Nilimfikiria kaka yangu Mujuni, ambaye sikumwona. Mama yangu alikuwa mwanamke wa shule, alitaka kumpeleka dispensari. Bibi yangu akamzuia ndani kwa sababu siku zake za uzazi zilikuwa hazijatimia. Nataka kuwa mtu anayesimama kati ya bibi kama huyo na mtoto.”

Niliusoma wote. Sauti yangu haikutetemeka hata mahali pamoja. Byabato, ambaye bibi huyo ndiye mama aliyemzaa, akainamisha kichwa. Akasema taratibu, “Ni kweli. Mama alikuwa mgumu.” Mimi nikalowesha kidole nikafungua ukurasa wa sita.

Ukurasa ule wa tano ndio Sista alioupenda kuliko zote. Aliupeleka kwa wakubwa wake, na barua ya kukukubali ilipokuja alikwambia ni kwa ajili ya ukurasa ule hasa. Kwa hiyo safari yako yote, mwanangu, koti na pasipoti na meli ya kesho, imesimama juu ya kitu nilichokwambia mimi ulipokuwa na miaka sita, ukinishika goti na kuniuliza kwa nini huna kaka.

Bibi yako hakunizuia. Bibi yako alinisihi.

Nitakusimulia ilivyokuwa, nawe usinihurumie unaposoma, kwa sababu najua jinsi ninavyosimulia, nina ujuzi wa kujihurumia.

Nilikaa kwa baba yako miaka mitatu bila mtoto. Wanawake wa Kishanda walinipa jina, Ma Kitabu. Nikifika kisimani mmoja anamwuliza mwenzake kwa sauti, “Kile kitabu bado hakijazaa?” Mwingine anajibu, “Kimezaa karatasi.” Nami nilikuwa nimewaringia sana kwa kusoma kwangu, kwa hiyo walinipa haki yangu. Nilimeza, nikabeba maji yangu, nikarudi nyumbani kulia kwenye migomba.

Kisha akaja Mujuni. Mtoto wa kiume, mzito, mwenye nywele mpaka kisogoni. Unajua desturi ya kwetu, mzazi wa mtoto wa kwanza hatoki nje baada ya siku mbili tatu tu. Anakaa ndani kama mwezi mzima, mpaka siku ya kutolewa nje mbele ya watu. Bibi yako alinitandikia majani mabichi kila asubuhi, akanilisha ndizi za nyama na maziwa, akanipaka samli mpaka nikang'aa. Sikushika jembe, sikuona jua. Nilikuwa naiona siku ile kichwani mwangu usiku na mchana. Ingekuwa Jumapili baada ya misa. Dada zangu wangetoka Kimwani. Baba yako alikuwa amekwenda Bukoba kuuza kahawa na kuninunulia vitambaa vipya. Ningetoka mlangoni mnene, laini, nimembeba mwanangu, na wale wanawake wa kisimani wamekaa ua mzima wananitazama. Kwa miaka mitatu sikuwa nimewaza kitu kingine.

Jumatano jioni mtoto akashikwa na homa. Alhamisi asubuhi akakataa titi.

Bibi yako alimgusa tumbo, akamgusa nyayo. Akafunga kanga yake kiunoni pale pale.

“Mwana wange, amka. Twende Muleba kwa dresa wa dispensari.”

Nikamwambia, “Mawe, mama yangu, siku zangu hazijatimia.”

“Siku ni zangu,” akasema. “Mimi ndiye niliyekuweka ndani, na mimi ndiye ninayekutoa. Amka.”

Ningeamka wakati ule, pengine barua hii ingekuwa ya soksi na sabuni. Lakini niliona njia yote mpaka Muleba. Niliona nikipita kisimani nimejifunika gubigubi kama mwizi, samli yote imeoshwa na jasho, siku tatu tu kabla ya siku yangu. Niliwasikia wakisema, “Ma Kitabu ametoka kabla hajatolewa.” Na dada zangu wangefika Jumapili wakute nini? Mzazi ambaye ameshatembea nje hatolewi tena. Siku yangu ingekuwa imekwisha bila kuwako.

Kwa hiyo nikamjibu kwa shule. Nikamwambia masista walitufundisha kwamba homa ya mtoto ni joto la mwili, hushuka kwa kitambaa cha maji baridi, na kwamba mtoto mchanga kupigwa na jua la njiani ndiko kutakakomwua. Kitambaa walitufundisha kweli. Hilo la jua nilitunga. Bibi yako alikuwa hajui hata herufi moja, na alikuwa anauheshimu usomi wangu kuliko mimi mwenyewe. Akakaa chini. Akasema, “Kama vitabu vimesema.” Akaniletea maji.

Ijumaa akanisihi tena. Safari hii alipiga magoti, Koku. Mama mkwe kumpigia magoti mkaza mwanawe, hujaona na hutaona. Nikamwambia tungoje mpaka jioni, homa inashuka. Haikuwa inashuka. Nilijua. Mkono wangu ulikuwa juu yake.

Jumamosi alfajiri hakuniuliza. Alimchukua mtoto kifuani pangu akatoka naye, nami nikamfuata. Njia nzima alikuwa mbele, mwanamke wa umri ule, anakwenda kama anayekimbizwa, na mimi niliyelishwa mwezi mzima nilikuwa nyuma nahema. Watu walituona. Hakuna aliyecheka hata mmoja. Walitupisha.

Tulipofika, jua lilikuwa kichwani. Mujuni alikata roho mikononi mwa dresa kabla hajamlaza mezani vizuri. Dresa alikuwa kijana, mwenye shati jeupe, na nadhani alikuwa amechoka kuona watoto wa namna hiyo. Akasema, “Mngekuja juzi.” Mpaka leo mtu akitamka neno hilo juzi katika mazungumzo, hata akizungumzia bei ya chumvi, mimi natafuta sababu ya kuondoka. Kisha akauliza, “Kwa nini mmemchelewesha?”

Alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema kitu chochote duniani. Nikasema, “Mama mkwe alinikataza kutoka. Mila zao.”

Mila zao. Kana kwamba mimi nilizaliwa Ulaya.

Dresa akamgeukia bibi yako. Mbele ya wagonjwa wote pale barazani akamwambia, “Ninyi wazee ndio mnaoua watoto wa watu. Mnasikia? Ninyi.” Alimwambia mengi. Bibi yako alikuwa amesimama na kikapu chetu mkononi, ndani yake kuna ndizi za kuchoma alizonibebea nile njiani. Alinitazama mara moja. Kisha akamwinamia yule kijana, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akasema neno moja, lile la heshima tunalowaambia wakubwa.

“Waitu.”

Akamchukua Mujuni akambeba mpaka nyumbani.

Nilingoja amwambie mwanawe. Baba yako aliporudi jioni ile na vitambaa vyangu begani, nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba nasikiliza. Akamwambia, “Tulichelewa.” Basi. Mimi ndiye niliyempa baba yako hadithi nzima baadaye, ile ile ya dispensari, na nilikuwa nimeshaiongezea chumvi. Alikaa mwaka mzima hali chakula cha mkono wa mama yake. Mama huyo alikuwa anaishi hatua hamsini kutoka kwetu. Alikuwa akipika, anaweka sahani mlangoni, kisha anakuja kuichukua imejaa.

Miaka ikapita, ukazaliwa wewe, na wale wa kisimani wakaacha jina lile. Siku moja tukimenya ndizi, mimi na yeye tu, nikapata ujasiri. Nikamwuliza, “Mawe, mbona hukusema?”

Hakuacha kumenya. Akasema, “Ningesema, mwanangu angekurudisha Kimwani. Na maziwa yalikuwa bado yanakutoka.”

Nikasema ndizi zinatosha. Tukaacha kumenya.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu mstari wa kwanza. Bibi yako alipolala kitandani mara ya mwisho, wewe ulikuwa likizo kutoka shuleni. Miguu yake ilikuwa imevimba. Alimtuma Byabato kuja kukuita umkande, akasema mikono yako ndiyo anayoitaka kwa kuwa inajifunza kuuguza. Ulikuwa unafua. Hukuinua hata kichwa. Ukasema, “Akakandwe na mila zake.” Byabato alisikia, baba yako alisikia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yako kiasi cha kukugusa. Nikachukua nguo nikaanika. Wiki ile ile tulimzika kibanjani kule Kishanda, penye migomba, na wewe ulisimama mbali na kaburi, umekaza shingo, nami nikawaza, ameifanya chuki yangu kuwa yake. Chuki yenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa na woga tu, wewe ndiye ukautunza kama chuki.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia daftari lilipokuja. Nakujua. Ungekwenda kwa Sista asubuhi ile ile kumwambia uliyoyaandika si kweli, naye angelazimika kuwaambia wakubwa, na nafasi yako ingempata binti mwingine. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Iko na nyingine. Nilikuwa nimeshaitangaza Bukoba nzima kwamba unakwenda. Mwenyewe ona. Ni siku ya kutolewa ile ile, safari hii anayetolewa ni wewe, na mimi tena sikutaka iharibike.

Hata sasa nimechagua saa inayonifaa. Nitaishona barua hii ndani ya bitana ya koti, na nitakuomba kesho uape kwamba hutaifumua kabla ya kupita Kisumu na kupanda treni, mahali ambapo huwezi kugeuka. Usidhani mwanamke aliyeandika hivi amekuwa mwema.

Niliungama zamani. Padre alinipa rozari tatu. Alikuwa mtu mzuri lakini hakumjua mama mkwe wangu, wala hakuona zile sahani mlangoni. Nimekwenda kaburini pia, mara nyingi. Nimekaa pale, migomba imesimama, hakuna kinachotokea. Watu wanasema mtu akitoa jambo moyoni anapata nafuu. Nimelitoa lote kwenye meza hii, na bado liko hapa kifuani, zito kama lilivyokuwa, ila sasa lina na sura yako.

Kule uendako utawaona tena. Mama aliyechelewa, na bibi amesimama nyuma yake. Sina la kukufundisha, wewe ndiye uliyesoma. Mimi najua kitu kimoja tu nilichokiona kwa macho yangu. Yule dresa alimwuliza mwanamke mwenye viatu, yaani mimi, akamkaripia asiye na viatu. Bibi yako hakuulizwa lolote siku ile. Angeulizwa hata jambo dogo, “Bibi, ilikuwaje?”, sijui angejibu nini. Pengine angenificha tena. Lakini mimi ningeshindwa kumtazama, na dresa angeona.

Kesho utaniona bandarini nikipiga vigelegele kuliko wanawake wote. Vitakuwa vya kweli. Ninakuonea fahari mpaka mifupa inaniuma, na hilo silo nililotunga. Ukiwa unapunga mkono utadhani mama yako analia kwa kuachwa. Nitakuwa nalia kwa sababu hiyo ni mara ya mwisho unanitazama kama unavyonitazama sasa.

Sikuombi unisamehe. Wa kumwomba hayupo. Usiponiandikia, nitaelewa, na nitawaambia watu posta ya Uingereza ni mbovu.

Lakini nina ombi moja, na ndilo lililonifanya nikalie kiti hiki. Baba yako bado hajui. Anazeeka akiamini mama yake alimwua mwanawe, na hapiti karibu na kaburi lile isipokuwa kwa kazi. Nimejaribu kumwambia. Jana nilimwita, akaja, akakaa, nikamwuliza kama anataka chai. Sitaweza, Koku. Nimejipima. Mwandikie wewe. Mwandikie yeye kwa jina lake juu ya bahasha, umweleze yote kama nilivyokueleza, usinipunguzie. Unajua hajui kusoma, na barua za nyumba hii nazisoma mimi. Atakaa mbele yangu na kofia yake magotini, atasema, “Haya, soma, mtoto anasemaje?” Kwa maneno yangu nimeshindwa. Kwa yako nitalazimika.

Andika kwa herufi kubwa zilizo wazi, nisije nikapata mahali pa kuruka.

Ni mimi, mama yako,
Paulina